Usiivue Seva Kifuniko

Ukipita kwenye vyumba vya seva vya ofisi zetu, na sisemi vile vya benki kubwa na kampuni za simu bali vya hospitali, shule, SACCOS na kampuni ndogondogo, hukosi kukutana na seva iliyovuliwa kifuniko. Iko juu ya meza, waya na bodi vyote viko wazi, na feni ya mezani imeelekezwa juu yake. Ukiuliza unajibiwa, "Ilikuwa inachemka, bosi, tukaifungua ipumue." Aliyeifungua alikuwa na nia njema kabisa, na kwa kompyuta ya kawaida ya mezani pengine asingeharibu kitu. Kwa seva ya raki amefanya kinyume cha alichokusudia: ameiongezea joto.

Sababu iko kwenye umbo la mashine yenyewe. Chasisi ya seva ya raki ni njia ya hewa, mwanzo hadi mwisho. Hewa ya baridi inaingia kwa mbele, inapenya katikati ya diski, inavutwa na ukuta wa feni, inasukumwa juu ya prosesa na memori, kisha inatokea nyuma ikiwa moto. Kila kipande kilichomo ndani kimewekwa mahali pake kwa kufuata njia hiyo, na kifuniko ndicho dari yake. Ukikiondoa, feni zinakuwa katika hali ya mtu anayenyonya dafu kwa mrija uliotoboka ubavuni: anavuta kwa nguvu zilezile, ila kinachomfikia mdomoni ni kidogo. Hewa inapanda juu na kutoroka kabla haijafika kwenye chuma kinachoihitaji. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji vinasisitiza kwamba seva isiendeshwe bila kifuniko, na kwamba fundi anayelazimika kukifungua ikiwa inafanya kazi akirudishe haraka iwezekanavyo.

Tuchukue mashine mbili ambazo mafundi wengi wa huku wamezishika kwa mikono yao, Dell PowerEdge R730 na HP ProLiant DL380 Gen9. Zote mbili zilitoka mwaka 2014. Zote zinabeba prosesa mbili za Intel Xeon E5, zote zina nafasi 24 za memori na feni sita. Katika vituo vikubwa vya data zimeshapitwa na wakati, lakini sokoni zinapatikana kama mtumba kwa bei ambayo shule au zahanati inaweza kuifikiria, na zikitunzwa zinaendelea kubeba mfumo wa wagonjwa, wa mishahara au wa ada bila kulalamika.

Upana wake umefuata kipimo cha raki cha inchi 19, yaani milimita 482.6, ambacho kilianza kwenye mitambo ya simu kabla kompyuta hazijakuwapo. Kimo kinapimwa kwa U. U moja ni milimita 44.45, na raki ya kawaida ina U 42. Seva zetu mbili ni za 2U. Ukiziwekea rula utapata milimita 87 na kitu. Kimo hicho kinaonekana ni jambo dogo la fundi chuma, lakini ndicho kinachoamua mengine mengi, kwa kuwa ndicho kinachopanga ukubwa wa feni.

Seva ya 1U haiwezi kubeba feni inayozidi milimita 40 hivi. Ya 2U inabeba feni za milimita 60, na wakati mwingine 80. Feni ndogo, ili isukume hewa ileile, inabidi izunguke kwa kasi kubwa mno, mara nyingi zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika, na kwenye kasi ndiko umeme unakopotelea. Ukiizungusha feni ileile kwa kasi mara mbili, nguvu inayokula inakuwa karibu mara nane. Kile kilio cha kukera cha seva za 1U ni umeme unaolipiwa kila mwezi.

Wahandisi wa Facebook walilikabili jambo hili walipobuni seva za kituo chao cha Prineville, jimboni Oregon nchini Marekani, kituo kilichofunguliwa mwaka 2011. Kampuni yenye fedha ya kununua seva yoyote sokoni iliamua kutengeneza chasisi yake ya kimo cha 1.5U, kipimo ambacho hakikuwa cha kawaida, ili feni za milimita 60 ziingie na vipoza joto vya prosesa virefuke. Wakaondoa mapambo ya mbele, rangi na skrubu zisizo za lazima, kisha wakaitoa michoro yao kwa umma kupitia mradi wa Open Compute. Kila ninapoisikia ofisi ikibishana juu ya prosesa ipi ni bora bila kuuliza feni zake ni za ukubwa gani, ninawakumbuka wahandisi hao. Wao walianza na kipenyo cha feni.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hesabu ya feni ina jambo la ziada, nalo ni mwinuko. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa yenye joto lilelile. Kinachobeba joto ni uzito wa hewa inayopita, kwa hiyo wepesi huo unaonekana mara moja kwenye hesabu. Seva inayotoa wati 500 za joto, ukitaka hewa yake ipande nyuzi 15 tu kutoka mbele hadi nyuma, inahitaji lita 28 hivi za hewa kwa sekunde ikiwa pwani. Ikiwa Nairobi inahitaji lita 34. Feni zinaongeza kasi ili kulipa deni hilo. Dell kwa R730 wameliandika wazi: kikomo cha hewa inayoingia ni nyuzi joto 35 hadi kwenye mita 950, na kuanzia hapo kinashuka nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwa Nairobi hiyo ni kama nyuzi 32 na nusu. Mji una baridi yake ya kuusaidia, lakini chumba kidogo kisicho na dirisha kwenye ghorofa ya tano hakipati baridi hiyo, na fundi aliyezoea kusoma "35" kwenye karatasi anajikuta amejipimia nafasi ambayo hana.

Sasa turudi mbele ya mashine, kwenye diski, kwani hapo ndipo watu wanapoharibu bila kujua. R730 inakuja na nafasi nane za diski kubwa za inchi 3.5 au kumi na sita za inchi 2.5. Kila diski imekaa kwenye trei yake yenye kitufe na mkono mdogo. Unabonyeza kitufe, mkono unafunguka wenyewe, unavuta trei sentimita chache kisha unasubiri nusu dakika hivi ili sahani za ndani ziache kuzunguka, ndipo unaitoa kabisa. Nyuma ya trei kuna ubao mwembamba wenye soketi za diski zote, na ubao huo umetobolewa madirisha. Madirisha hayo ni ya hewa. Hewa yote inayoenda kupoza prosesa lazima ipite kwanza katikati ya trei na kwenye madirisha hayo.

Kwa hiyo nafasi ya diski isiyotumika haiachwi wazi. Inawekewa trei tupu ya plastiki, kile kizibo ambacho wengi wanakitupa siku ya kwanza kwa kudhani ni cha kuzuia vumbi wakati wa usafirishaji. Hewa hupita pale penye upenyo mkubwa. Ukiacha matundu manne wazi upande wa kushoto, hewa itakimbilia huko na diski za kulia zitabaki zinachemka. Nimewahi kushika diski mbili za seva moja, za kundi moja, moja vuguvugu na nyingine haishikiki kwa sekunde tatu, na kilichozitofautisha ni kizibo cha plastiki kilichokuwa ndani ya droo ya meza.

Rangi za plastiki nazo zina lugha yake. Kwenye HP, sehemu yenye rangi ya damu ya mzee inaweza kuchomolewa huku seva ikifanya kazi. Kwenye Dell kazi hiyo inafanywa na rangi ya matofali. Buluu kwa kawaida inakuonyesha pa kushika, ila kwanza uizime mashine. Kijana anayeanza kazi hii akifundishwa rangi hizo kabla ya kupewa bisibisi, ofisi itaepuka maafa mengi.

Diski za kuzunguka zina adui mwingine anayetoka ndani ya chasisi yenyewe, mtetemo. Mwaka 2008 Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, alirekodiwa akipiga kelele mbele ya safu ya diski huku grafu ikionyesha muda wa diski kujibu ukiruka juu papo hapo. Sauti ya binadamu mmoja ilitosha kuyumbisha vichwa vya kusomea. Basi fikiria feni iliyochakaa beringi, inayotetemeka usiku na mchana sentimita chache nyuma ya diski hizo. Feni za seva zinafungwa kwenye mpira au kwenye kizimba chenye nafasi ya kuchezea ili mtetemo usifike kwenye chuma. Fundi anayezifunga kwa waya wa binding baada ya klipu kuvunjika anaupeleka mtetemo wote moja kwa moja kwenye diski, na baada ya miezi anashangaa kwa nini mfumo umekuwa mzito.

Nyuma ya ukuta wa feni kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote ndani ya seva, ingawa hakina hata waya mmoja. Ni plastiki nyeusi iliyofinyangwa kwa mikunjo, inayofunika prosesa na memori. Ukiinyanyua inatoka yote mara moja, nyepesi kabisa, na mtu anaweza kuiona ni pambo. Kazi yake ni kuigawa hewa: kiasi hiki kipite kwenye vipoza joto vya prosesa, kiasi kile kwenye safu za memori, na kisipite kwingine. Prosesa za kizazi hiki zinafika wati 145 kila moja. Zote mbili zikifanya kazi kwa ukamilifu, wati 290 zinatoka kwenye vipande viwili vinavyofunikwa na kiganja. Bila plastiki ile, hewa itachagua njia rahisi juu ya vipoza joto, na mapezi yake ya alumini yatabaki na hewa iliyosimama.

Hata kukosekana kwa prosesa kumefikiriwa. Seva ikinunuliwa na prosesa moja, upande wa pili unawekewa kizibo, kwa sababu soketi tupu ni upenyo, na upenyo unaiba hewa ya jirani.

Memori zimejipanga kandokando ya prosesa, na zimekaa sawasawa na mwelekeo wa hewa, ubapa wake ukitazama pembeni, ili hewa ipite katikati yake kama ilivyo. Chomoa moja uhesabu vipande vyake vyeusi. Ukiacha kile cha katikati, utakuta vinagawanyika kwa tisa, ambapo memori ya kompyuta ya kawaida inagawanyika kwa nane. Kile cha tisa ndicho cha kusahihisha makosa: kwa kila biti 64 za data zipo biti 8 za ziada, zinazoiwezesha seva kurekebisha biti moja iliyogeuka na kutambua mbili. Joto kali linaweza kuongeza makosa hayo. Memori inayoanza kuripoti masahihisho kila siku inaomba kuangaliwa, na jambo la kwanza la kuangalia ni kama hewa inaifikia.

Kwenye upande wa nyuma kuna kadi za mtandao, kadi ya RAID inayosimamia diski, na pawasaplai. Kadi ya RAID ina memori yake ndogo ya kuhifadhi maandishi kabla hayajafika kwenye diski, na betri ya kuilinda umeme ukikatika. Kwa nchi zenye umeme wa kukatika ovyo hicho si kitu cha kuachwa. Betri hiyo huchoka baada ya miaka kadhaa, na katika seva ya mtumba nitaihesabu kuwa imekufa mpaka nionyeshwe vinginevyo.

Pawasaplai ziko mbili, na kila moja inatakiwa iweze kubeba seva nzima peke yake. Hapa kosa la kawaida linaniumiza kwa sababu ni rahisi kuliepuka: waya zote mbili zinachomekwa kwenye UPS moja. UPS ikifa, pawasaplai mbili zinakufa pamoja, na fedha ya ile ya pili imekwenda bure. Moja iende kwenye UPS hii na nyingine kwenye UPS ile. Kama UPS ni moja tu, basi ya pili iende moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani uliopita kwenye stebilaiza. Tena kila pawasaplai ina feni yake ndogo na njia yake ya hewa. Ukiitoa moja na kuacha tundu, hewa ya moto iliyo nyuma inarudi ndani kupitia hapo. Tundu hilo nalo lina kizibo chake. Tukirudi kwenye UPS, Google walipoionyesha hadharani seva yao mwaka 2009, watu walishangaa kuona kila mashine imefungiwa betri yake ya volti 12 pembeni, ili kusiwe na haja ya UPS kubwa ya jengo zima. Sisi hatuhitaji kufika huko. Soketi mbili tofauti zinatosha.

Kuna kipande kimoja zaidi, kidogo, kilicholehemiwa kwenye ubao mkuu. Ni kompyuta ndani ya kompyuta, yenye tundu lake la mtandao, ambayo inaendelea kufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, alimradi waya wa umeme umechomekwa. Dell wanaiita iDRAC, HP waliipa jina iLO, na kanuni ya zamani ya kuzungumza nayo, IPMI, ilitangazwa mwaka 1998. Ndiyo inayosoma vipimajoto, kuamua kasi ya feni na kuweka kumbukumbu. Feni moja ikifa, ndiyo inayoziamuru nyingine tano ziongeze kasi. Kupitia hiyo, fundi aliye Mwanza anaweza kuiwasha seva iliyo Dar es Salaam na kuona skrini yake tangu sekunde ya kwanza. Ofisi nyingi hazijawahi kuchomeka waya kwenye tundu hilo. Zile zilizochomeka, baadhi zimeacha jina na nywila za kiwandani, ambazo kwa Dell za kizazi hiki zinajulikana dunia nzima. Tundu hilo likae kwenye mtandao wake wa ndani, lisionekane kutoka nje kamwe.

Kuhusu chumba, sitasema mengi. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upozaji hewa, kinapendekeza hewa ya nyuzi joto 18 hadi 27, na kipimo hicho kinachukuliwa mbele ya seva, pale hewa inapoingia. AC inayopuliza mgongo wa raki inajishindanisha na feni za seva. Nafasi tupu kwenye raki nazo zinahitaji kuzibwa, la sivyo hewa ya moto ya nyuma inazungukia mbele na kuvutwa tena. Kwa ofisi za pwani kuna chumvi. Hewa ya bahari ikiingia kupitia dirisha lililoachwa wazi kwa ajili ya "kupunguza joto" inakula shaba na fedha kwenye bodi polepole, na uharibifu huo hauna vipuri. Seva ya Tanga au Kilindini inahitaji mlango unaofungika kuliko inavyohitaji dirisha.

Kwa anayekwenda kununua seva ya mtumba, ushauri wangu ni kwamba asianze na prosesa wala ukubwa wa memori. Adai kifuniko, plastiki nyeusi ya ndani, vizibo vyote vya diski na pawasaplai, na reli za pembeni. Wauzaji wengi wanavitupa kwa sababu havina bei, na baadaye kuvipata kimoja kimoja ni shida. Aizungushe kila feni kwa kidole na kusikiliza beringi. Kisha aombe seva iwashwe na aingie kwenye iDRAC au iLO. Humo kuna orodha ya matukio: feni zilizowahi kufa, memori zilizowahi kusahihishwa, siku kifuniko kilipofunguliwa kama mashine ina swichi ya kutambua hilo. Kwenye iDRAC ya R730 kuna pia ukurasa wa historia ya joto la hewa iliyoingia, unaoonyesha ni sehemu gani ya maisha yake seva hiyo imeishi juu ya kiwango kinachokubalika. Muuzaji akisema orodha imefutwa "ili iwe safi", mwambie akuonyeshe nyingine.